Kongwa Niliyoikuta Kwenye Magazeti ya Australia

Babu yangu mzaa mama alikuwa na hadithi moja ambayo sisi wajukuu tuliicheka mpaka anaondoka duniani. Alisema baadhi ya matrekta yaliyoletwa kwenye mradi wa karanga yalikuwa vifaru vya vita, vilivyong'olewa mizinga na kupewa kazi ya shamba. "Kifaru kabisa," alikuwa akisema, akipiga goti kwa kiganja, "kile kile kilichopigana na Hitla." Tulimwambia apunguze chumvi. Alifariki mwaka 2011, na chumvi yake hakuna aliyejishughulisha kuipima.

Miaka kumi baadaye nilikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Dodoma, na wanafunzi wa klabu ya historia wakaamua kuandaa maonyesho madogo kwa ajili ya mahafali ya mwezi wa kumi. Mada walichagua wenyewe: Kongwa, wilaya ya mkoa wetu ulikokuwa ule mradi wa karanga. Nusu yao wana ndugu huko, kila likizo wanashuka Mbande na kutafuta usafiri wa kuingia ndani. Vitabu vyetu vya kiada vina aya mbili tatu tu: Waingereza walihitaji mafuta ya kula baada ya vita, wakaja na mitambo, mvua ikakataa, wakaondoka. Nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka kuona watu wa wakati ule walivyoiandika Kongwa kabla hawajajua itaishia wapi.

Yaani nilitaka magazeti. Lakini Dodoma ya mkoloni haikuwa na gazeti lake kubwa la kila siku. Tanganyika Standard lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1930. Mambo Leo, la Kiswahili, lilianza kutolewa na idara ya elimu ya serikali ya kikoloni mwaka 1923, nalo huko huko pwani. Ukitaka kushika kwa mkono magazeti ya zamani ya nchi hii, sehemu ya East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni pahala pa kuanzia, ila mwalimu mwenye vipindi vya kila siku haendi Dar kwa ajili ya kufunua karatasi. Nilichokuwa nacho ni simu, kompyuta mpakato niliyonunua kwa mkopo wa SACCOS, na bando la usiku.

Katika kuhangaika nikaangukia Trove, hazina ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ambayo magazeti yake ya zamani yanasomwa bure. Mengi yanaishia mwaka 1954 kwa sababu ya hakimiliki. Kwangu hiyo haikuwa hasara hata kidogo, maana mradi wa karanga ulitangazwa mwishoni mwa 1946, ukaanza kazi 1947, ukavunjwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wote unaenea humo. Magazeti mengi ya Uingereza nayo yamewekwa mtandaoni, lakini hayo unayalipia kwa pauni, na pauni si mwenzake mshahara wa mwalimu.

Usiku wa kwanza niliandika maneno ya kitabu cha kiada, "groundnut scheme". Habari zilikuja, ila si kwa wingi nilioutarajia. Usiku wa pili nikajaribu "peanuts", jina ambalo Waaustralia huliitia karanga, na mlango ukafunguka. Nilikuwa nikiliuliza gazeti la 1948 kwa maneno ya mwalimu wa 2021, halafu nashangaa halijibu. Mwanafunzi wangu mmoja alinizidi: aliandika "Tanzania 1949", akapata kapa, akaja kunieleza kwa masikitiko kwamba Waaustralia walitudharau. Nikamkumbusha kwamba Tanzania ilizaliwa 1964.

Kulikuwa na maneno mabaya zaidi ya kutafuta. Nikitaka kuwaona watu kama babu, ilinibidi niandike "natives", na mara nyingine "boys", kwa sababu hivyo ndivyo walivyoitwa wanaume wenye wake na watoto. Ni maneno ambayo sitaki kuyasikia darasani kwangu. Mara ya kwanza nilisita kidole kikiwa juu ya kitufe. Lakini gazeti halina mlango mwingine wa kumfikia kibarua wa Kongwa. Ama uingie kwa jina alilotukaniwa, ama urudi nyumbani.

Jambo jingine nilichelewa kulielewa. Unapotafuta neno kwenye gazeti la kidijitali, hutafuti ndani ya gazeti lenyewe. Unatafuta ndani ya maandishi ambayo mashine imeyakisia kwa kutazama picha ya gazeti. Karatasi ilikuwa na mkunjo, wino umevujia upande wa pili, picha ina mikwaruzo, na mashine inakisia hivyo hivyo. Kongwa nimeikuta imekuwa Kongua, Hongwa, Kougwa. Dodoma imewahi kuwa Dodona. Safu mbili zikisogeleana, mashine huruka kutoka hii kwenda ile, basi buldoza linang'oa mbuyu mwanzoni mwa sentensi na sentensi inamalizikia kwenye tangazo la sabuni. Tangu hapo nina orodha ya makosa, nayatafuta moja baada ya jingine, kama mama anayemwita mtoto mkaidi kwa majina yake yote.

Kwenye Trove msomaji yeyote anaruhusiwa kuyasahihisha maandishi hayo, picha ikiwa upande mmoja na maandishi upande wa pili. Wanafunzi walilipenda hili kuliko jambo lolote. Kwa wiki kadhaa vijana wa kidato cha tatu wa Dodoma walikuwa wakinyoosha magazeti ya Queensland, herufi kwa herufi, na Kiingereza chao kikapanda bila mimi kushika fimbo.

Aibu yangu kubwa ilitokana na tarakimu moja. Niliandika kwa maka peni, kwenye karatasi ya manila, tena kwa wino mwekundu, kwamba Waingereza walipanga kulima eka 8,210,000. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa mkulima, akasimama mbele ya ile manila muda mrefu. "Madam," akasema, "hizo eka zingekaa wapi?" Nikataka kumjibu kwa haraka haraka, kisha nikaona bora nikatazame. Nilikuwa nimenakili kutoka kwenye maandishi ya mashine. Nikafungua picha yenyewe, nikaikuza mpaka tarakimu zikawa kubwa kama punje za mahindi. Ilikuwa 3. Eka 3,210,000, na hata hizo hazikuwa za Kongwa peke yake. Urambo na Nachingwea nazo zilikuwa kwenye mpango. Yule binti hakusema kitu. Alichukua mkasi na gundi.

Nilipata pia kujivuna bure. Kuna habari moja ya ukame wa Kongwa niliyoikuta kwenye magazeti 14 ya miji tofauti, na nikawatangazia walimu wenzangu ofisini kwamba nina mashahidi 14. Mwenzangu wa somo la uraia, ambaye hapendi kelele, akaomba kuziona. Alizisoma mbili, akaniwekea kucha kwenye herufi ndogo za A.A.P. Ni Australian Associated Press, shirika la habari. Ilikuwa simu moja ya maandishi iliyopokewa na magazeti yote usiku mmoja, kila mhariri akaipunguza kulingana na nafasi aliyokuwa nayo. Mashahidi wangu 14 wakarudi kuwa mmoja, na huyo mmoja hakuwa Kongwa. Alikuwa London, akisimulia aliyoyasikia bungeni.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: Waaustralia walitakia nini habari za Kongwa? Mpaka wakati huo nilikuwa nakata habari yangu na kuacha ukurasa, kama mtu anayekula nyama akamwachia mwenzake mfupa. Siku niliyoanza kusoma kurasa nzima, jibu lilikuwa pembeni pake miezi yote. Mwaka 1948 serikali ya jimbo la Queensland iliingia ubia na Overseas Food Corporation, shirika la umma la Uingereza, kulima mtama kwa mashine kwenye nyanda za Peak Downs. Shirika hilo ndilo lililopokea mradi wa karanga mwaka huo huo. Kwa hiyo mkulima wa Queensland aliposoma kwamba udongo wa Kongwa unakauka mpaka majembe yanakatika, hakuwa akimhurumia Mgogo. Alikuwa akihesabu kodi yake. Na magazeti ya Uingereza, ambako habari nyingi zilitoka, yalikuwa na vita yao: wapinzani wa serikali ya Labour walimpiga waziri wa chakula, John Strachey, kwa karanga hizo hizo kila wiki. Habari ikishakujia kupitia mikono ya namna hiyo, lazima uikung'ute kwanza.

Hapa nilicheka peke yangu usiku. Waingereza walikuja Ugogo, nchi ya mtama na uwele, wakapanda karanga. Mtama wakaupeleka Queensland, tena uwe chakula cha nguruwe.

Kifaru cha babu nilikikuta mwezi wa nane, saa sita kasoro usiku, umeme umekatika na kompyuta imebakiwa na chaji kidogo. Habari yenyewe fupi, kama kidole: kiwanda cha Vickers huko Uingereza kinageuza vifaru aina ya Sherman kuwa matrekta ya kwenda Tanganyika kwenye mradi wa karanga, nayo yameitwa Shervick, jina la Sherman na la Vickers likiwa limekunjwa pamoja. Niliisoma mara tatu. Nikatazama picha yenyewe, si maandishi ya mashine, nilishapata adabu. Kisha nikampigia mama.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Hakuna mama. Babu alikuwa anasema kweli. Vile vifaru."

Akanyamaza. "Yaani unaniamsha usiku huu kuniambia baba yangu hakuwa mwongo?" Akakata simu. Asubuhi alinitumia ujumbe akitaka "hilo karatasi" nimchapishie, aliweke kwenye fremu.

Lakini babu naye hakuwa sahihi kila mahali. Siku zote alidai aliingia Kongwa mwaka vita vilipoisha, na mwaka 1945 hapakuwa na mradi wowote wa karanga. Ningeweza kumaliza hapo, nikaandika kwamba mzee alichanganya. Nikakumbuka kipande kingine cha hadithi yake, kwamba alipokuwa njiani makuli wa bandari walikuwa wamegoma na treni zikasimama, akalala stesheni akila magimbi ya watu. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulianza Septemba 1947, ukapanda na reli kuja bara. Basi babu aliingia Kongwa 1947. Kichwa chake kilishika njaa na stesheni, kikaachia tarehe. Na gazeti, ambalo halijui lolote kuhusu magimbi, lilikuwa limeshika tarehe.

Ujinga niliougharamia zaidi ni wa picha za skrini. Nilikuwa nikiona habari nzuri napiga picha ya skrini, naendelea. Kufikia Septemba nilikuwa na picha 63 kwenye simu, na jina la gazeti halionekani hata kwenye kumi. Tarehe hakuna, ukurasa hakuna. Kulikuwa na moja kuhusu nyuki waliokuwa wakitoka kwenye mibuyu iliyoangushwa na kuwashambulia wafanyakazi, habari tamu kabisa, na wanafunzi walishaichorea katuni. Sikuweza kuirudia. Niliitafuta kwa "bees", kwa "baobab", kwa majina yote ya Kongwa yaliyokosewa. Katuni ilibandikwa ukutani bila maelezo chini yake, na mgeni mmoja akauliza kama ni tangazo la asali. Sasa nina kaunta buku. Kabla sijasoma habari hata mstari mmoja naandika jina la gazeti, mji, tarehe, ukurasa, ile anwani ya kudumu ambayo Trove huipa kila habari, na maneno niliyotumia kuipata. Hayo ya mwisho watu huyasahau, na ndiyo yanayokuokoa miezi sita baadaye.

Likizo fupi ya Septemba nilikwenda Kongwa na karatasi zangu kumwona mzee mmoja ambaye enzi hizo alikuwa mtoto wa kuchunga, akiuza mayai kwenye kambi ya Wazungu. "Mbukwenyi," nikabisha hodi kwa Kigogo changu cha kuazima, kisha nikamwamkia vizuri. Macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo nilimsomea, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili palepale. Alisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika mahali panaposema eneo lililochaguliwa lilikuwa pori lisilo na watu.

"Rudia hapo, mjukuu wangu."

Nikarudia.

"Na mimi nilikuwa nachunga wapi, mawinguni?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole: kichaka hiki kilikuwa cha nani, kile walichimba kisima akina nani, mbuyu ule walitambikia akina nani. Sikuwa na kalamu ya kumfuata. Tuseme haki, gazeti halikuwa limetunga tu. Watu walikuwa wachache, maji yalikuwa ya shida, na wapangaji wa mradi walilisema hilo mapema. Lakini neno "wachache" lilisafiri kutoka Kongwa mpaka London, na lilipofika Brisbane lilikuwa limeshakuwa "hakuna". Kwenye maonyesho tulibandika vyote viwili bega kwa bega, kipande cha gazeti na maneno ya mzee, kila kimoja na tarehe yake. Wazazi wengi walisimama hapo kuliko mahali pengine, ingawa fremu ya mama yangu nayo ilipata wateja.

Mzee alinipa kazi mbili siku ile. Ya kwanza, nimtafutie Mtunya kwenye hayo magazeti, ile njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya mwisho ya vita vya kwanza na baada yake, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikagoma. Nilikwenda kwenye Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, gazeti la walowezi wa Kijerumani lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, ambalo maktaba ya Berlin imeliweka mtandaoni. Kijerumani sikijui, nilitumia programu ya kutafsiri. Herufi zake ni za zile za kale zenye pembe, ambazo "s" ndefu mashine huisoma "f", na programu ikishapewa neno lenye "f" mahali pa "s" inakutungia Kijerumani chake. Hata majina ni lazima uyaandike kwa mkono wao: Daressalam neno moja, Mpwapwa ni Mpapua. Kwa reli lilinifaa sana, maana njia ilifika Dodoma 1910 na gazeti la walowezi halikuchoka kuizungumzia. Kwa Mtunya halikunifaa chochote. Linakoma 1916. Njaa ilipotubana sawasawa, gazeti hilo lilikuwa limeshakufa, na Mambo Leo lilikuwa bado halijazaliwa. Nilirudi kumwambia mzee. Akasema ndiyo maana watu waliipa njaa ile jina, ili isihitaji kuandikwa.

Kazi ya pili bado inanisumbua. Mradi wa karanga ulijengewa tawi la reli kutoka Msagali, kwenye reli ya kati, kwenda Kongwa. Wanafunzi wangu hawakuamini kwamba Kongwa iliwahi kuingia treni. Baadaye reli ile iling'olewa, na mzee anataka kujua vyuma vilikwenda wapi, kwa sababu kaka yake alikuwa kwenye genge la kuving'oa na hakurudi kijijini kwa miaka miwili. Magazeti ya Australia hayawezi kunisaidia. Baada ya Januari 1951 Kongwa inafifia kwenye kurasa zao, na Queensland nayo ikafunga mtama wake muda mfupi baadaye. Hawakuwa na sababu tena ya kututazama.

Kwa hiyo sasa ni Dar, ni karatasi. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 nimekwenda mara mbili, nikaondoka alfajiri na kaunta buku, nikashinda na Tanganyika Standard mpaka vumbi likanipa mafua. Nimefika katikati ya 1953, hakuna vyuma. Juni hii ninakwenda tena. Nilipomuaga mzee kwa simu aliniuliza nitapanda treni ipi, nikamwambia ya umeme.

"Hapana," akasema. "Hiyo inakimbia. Panda ile ya zamani, ukae dirisha la kushoto. Ukifika Msagali utaona tuta limetoka pembeni ya reli, limeelekea kaskazini, halina kitu juu yake."